Gari limetoka kupuliziwa rangi: lioshe lini, na ulioshe vipi

Msasa_Laini (mleta uzi)

Wakuu, salaam kwenu.

Kila anayetoka kwa fundi rangi anatoka na amri yake. Huyu kaambiwa asiguse maji mwezi mzima. Yule kaambiwa siku tatu zinatosha, baada ya hapo aoshe atakavyo. Mwingine hakuambiwa lolote, kakabidhiwa ufunguo, na kesho yake gari liko chini ya brashi za mashine. Kazi yangu ni kupuliza, na swali la kuosha linakuja kila gari linapotoka, basi naliandika hapa liwe mahali pamoja.

Msimamo nauweka juu kabisa ili wa kupinga wajipange: "usioshe mwezi mzima" ni ushauri mbovu kwa magari mengi. Maji safi hayana ugomvi na klia (lile tabaka la juu kabisa la rangi, linaloleta mng'ao) iliyokwisha kukauka. Kinachoiumiza rangi changa ni kusuguliwa, kemikali kali, na uchafu ulioachwa ukaganda. Ukikaa mwezi mzima bila kuosha, vumbi na kinyesi cha ndege vinapata muda wa kushika, halafu siku ukiosha unalazimika kusugua kwa nguvu. Umekimbia maji, ukaangukia mikononi mwa sponji.

Tuanze na kilicho juu ya bati. Gari la kiwandani lina tabaka la kuzuia kutu, praima, rangi yenyewe, na mwisho klia. Zote kwa pamoja ni kama maikroni 100 hadi 150 (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), na klia peke yake ni 40 au 50 hivi. Karatasi ya kawaida ya kuandikia ina unene wa karibu maikroni 100. Yaani mng'ao wote unaojivunia umekaa ndani ya nusu ya karatasi.

Kiwandani bodi inapakwa ikiwa tupu, haina viti, nyaya wala taa, ndiyo maana inaweza kuokwa kwa nyuzi 140 hivi za Selsiasi. Ikitoka hapo imekomaa. Fundi anayerudishia rangi hawezi joto hilo. Gari linamfikia na plastiki, nyaya na tangi lenye mafuta. Mwenye oveni anaoka kwa nyuzi 60 hivi, kama nusu saa. Asiye na oveni anaiachia hewa. Klia ya siku hizi inachanganywa na hadina (dawa ya kuigandisha), na hizo mbili zinashikana mpaka zinakuwa kitu kimoja kigumu. Kazi hiyo haikomi siku unapochukua gari. Juu panakauka kwanza, chini thina (kimiminika cha kuyeyushia rangi) bado inatafuta pa kutokea, na klia inaendelea kukaza kwa siku kadhaa, hata majuma. Ukiipitishia kiganja unaona kavu kabisa. Ukiibonyeza kwa ukucha, inabaki alama.

Baridi inachelewesha yote hayo. Kwa hiyo anayekupa idadi ya siku bila kuuliza kama rangi imeokwa au imekaushwa na hewa, na hali ya hewa ikoje, amekupa namba ya kubuni. Mimi naenda hivi. Saa 24 za mwanzo gari likae chini ya paa, pakavu. Hapo ndipo maji ni adui kweli: hadina inashikana na maji kama inavyoshikana na klia, na ikikutana nayo mapema inatoa gesi ya kaboni dayoksaidi, klia inapata vitundu au inapauka. Baada ya hapo, kama imeokwa, siku ya pili au ya tatu unaweza kulimwagia maji matupu bila kugusa. Shampuu na mkono, ngoja wiki. Kama imekaushwa na hewa, yasukume yote mbele: maji matupu baada ya wiki, mkono baada ya wiki mbili. Mashine ya brashi usiisogelee mwezi mzima (kwangu mimi hata baada ya mwezi sioni sababu). Nta, seramiki na stika, siku 30 kwenda juu, maana hizo zinafunika uso wa rangi wakati thina bado inatoka. Na kama fundi ana karatasi ya maelekezo ya klia aliyokupigia, fuata karatasi, niache mimi.

Sasa kuosha kwenyewe.

Gari liwe kivulini na bati liwe limepoa. Weka mgongo wa mkono juu ya boneti. Kama huwezi kuuacha hapo kwa raha, subiri. Juani shampuu inakauka kabla hujaisuuza, na maji yenye chumvichumvi yanaacha madoa meupe ambayo baadaye utayafuata kwa kitambaa, ndipo matatizo yanapoanza.

Magurudumu yatangulie, kwa ndoo yake na brashi yake. Unga wa breki una chembe za chuma, na kitambaa kilichogusa rimu kisipande mlangoni hata kikifuliwa. Dawa za rimu zenye tindikali ziache kabisa kipindi hiki, zinaruka mpaka kwenye madigadi na milango.

Kisha maji mengi, kutoka paa kushuka chini. Mengi kweli. Usiwe na haraka ya kushika sabuni. Mchanga mwingi una chembe za madini yaitwayo kwazi, na kwazi ni ngumu kuliko klia yoyote, iwe changa au ya kiwandani. Kila punje inayobaki chini ya mkono wako inachora mstari. Ile mikwaruzo myembamba ya mviringo inayoonekana juani kwenye magari meusi haikuletwa na barabara, imeletwa na waoshaji. Kwa hiyo punje inayoondoka kwa maji ni punje ambayo haitakukwaruza. Tope likiwa limeganda, lilowanishe, kanywe chai, rudi ulilowanishe tena. Povu zito la shampuu likikaa dakika chache nalo linasaidia kulainisha, mradi lisikaukie hapo.

Ukifika kwenye kugusa, tumia ndoo mbili, moja ya shampuu, nyingine ya maji matupu. Glavu ya maikrofaiba au ya manyoya ya kondoo ichovye kwenye shampuu, pitisha kwenye bati, isuuze kwenye maji matupu, kamua, ndipo irudi kwenye shampuu. Sponji siipendi. Uso wake ni bapa, punje ikinaswa haina pa kuingia, inabaki kati ya sponji na rangi. Nyuzi za glavu angalau zinaimeza. Usikandamize, uzito wa glavu yenye maji unatosha. Nenda kwa mistari iliyonyooka, paa kwanza, kisha vioo, boneti, sehemu ya juu ya milango. Chini ya milango na nyuma ya magurudumu pawe mwisho, kwa glavu nyingine, kwa sababu mchanga wote uko huko. Ukimaliza sehemu moja isuuze kabla ya kwenda nyingine.

Shampuu iwe ya gari, isiyo ya tindikali wala ya magadi, yenye pH ya karibu 7. Kazi yake kubwa siyo kung'arisha. Ni kuteleza.

Kukausha: toa pua ya mpira wa maji, acha maji yatoke polepole, yapitishe juu ya bati yashuke kama shuka. Yanaondoka na matone mengi yenyewe. Kilichobaki, tandaza taulo nene la maikrofaiba, ligonge kwa kiganja, liinue. Usilikokote. Likianguka chini limestaafu, hata kama unaliona safi.

---

Kiroboto_wa_Boneti

Mkuu umenivuruga. Fundi wangu kasema maji ni mwiko mpaka mwezi uishe, na ni mzee wa kazi. Ina maana ananidanganya?

---

Msasa_Laini

Hakudanganyi, anajilinda. Anajua akikwambia "osha taratibu" utalipeleka kwa vijana wenye sponji moja inayohudumia magari yote ya siku hiyo, ukirudi una mikwaruzo unamlaumu yeye. Kukukataza maji ni njia fupi ya kukukataza sponji.

Lakini kuna jambo jingine: inategemea amepiga rangi gani. Niliyoyaandika juu ni ya klia yenye hadina. NC (rangi ya nitroselulosi) haishikani hivyo, inakauka kwa thina kuondoka tu, na hata ikizeeka thina inaitoa. Enameli ya mafuta inakauka kwa kuvuta oksijeni ya hewani, polepole mno, na inaweza kubaki laini kwa majuma. Kama amekupigia enameli, mzee wako yuko karibu na ukweli kuliko mimi. Mpigie umuulize mambo mawili: rangi gani, na imeokwa au la. Usijaribu kupima mwenyewe kwa kitambaa chenye thina, klia changa hata iwe nzuri itapauka.

---

Bibi_Usukani

Naombeni msaada wa haraka. Gari lina siku ya nne tangu litoke, limeokwa. Leo nimekuta kinyesi cha ndege katikati ya boneti, kimekaukia. Nikiguse nisikiguse?

---

Msasa_Laini

Kitoe leo dada, usisubiri kesho.

Lowanisha kitambaa laini au karatasi ya tishu kwa maji safi ya uvuguvugu, kiweke juu ya kinyesi, kiache dakika tano au kumi. Kikikauka ongeza maji. Usisugue. Kinyesi kikilainika, inua kitambaa kiondoke nacho, kisha mwagia maji. Kikibaki kipande rudia, usikikwangue kwa ukucha. Ndani mwake kuna punje za mchanga na mbegu.

Haraka ni ya nini? Kina tindikali, na jua likipiga klia inatanuka na kulainika, usiku ikipoa inakaza na kukikumbatia. Kwenye rangi changa alama inaingia ndani ya siku moja. Utomvu wa miti na wadudu waliopasukia mbele ni familia hiyohiyo. Petroli ikimwagika wakati wa kujaza tangi, maji mengi papo hapo. Lami iliyoruka iache mpaka mwezi upite. Usiifuate kwa mafuta ya taa wala petroli, lami yenyewe haina madhara kama dawa yake.

---

Mzee_Klia

Mleta uzi umeandika vizuri lakini umeruka mashine ya presha, na ndiyo inayotumika kila mahali.

Naongeza. Baada ya wiki ya kwanza presha siyo dhambi, ila usikae karibu. Pua ipanue maji, ile inayoyatawanya kwa pembe ya nyuzi 40 ndiyo yenye usalama, na isisogee chini ya sentimita 30. Ile ya mkuki mmoja na ile inayozunguka hazina kazi kwenye bodi. Usiielekeze kwenye kingo: ukingo wa mlango, pembe ya boneti, kuzunguka taa, na hasa ule mstari ambapo fundi alibandika tepu. Hapo klia huwa nyembamba na maji yanapata pa kuingilia chini yake. Pakiwa na kishimo cha jiwe, papite kwa mbali.

Bampa liangalie zaidi. Plastiki inahitaji praima yake ya kushikia. Fundi akiiruka, rangi inang'aa vizuri tu dukani kwake, kisha presha ya kwanza inaivua kama ngozi ya kitunguu. Likitokea hilo usijilaumu kwa kuosha, mrudishie mwenye kazi.

Ninapopingana nawe ni kwenye nta. Siku 30 ni chache. Ukipigiwa klia tabaka tatu nene ikakaushwa na hewa, mimi nasema 60, hata 90.

---

Msasa_Laini

La presha naliunga mkono lote, nilijua atakuja mtu wa kulileta.

La nta sikubali kwa magari yote. Klia nene ya hewa, sawa, 90 haina hasara. Iliyookwa ikapoa vizuri, 30 inatosha na watengenezaji wengi wanaandika hivyo. Anayeona mashaka asubiri. Hakuna gari lililokufa kwa kukosa nta miezi mitatu.

---

NgomaNzito

Mnakuza mambo. Mimi naosha kwa sabuni ya unga, ikikosekana ya vyombo, gari limepigwa rangi na linawaka. Shampuu ya gari ni biashara ya watu.

---

Msasa_Laini

Mkuu, sitakwambia gari litaoza. Kuosha mara moja kwa sabuni ya vyombo hakuvui klia. Sabuni hiyo imetengenezwa kukata mafuta, inaondoa nta, na rangi mpya haina nta ya kuondolewa. Hasara yake inaonekana polepole kwenye mipira ya milango na plastiki nyeusi zinazopauka.

Ya unga ndiyo siitaki karibu. Ni ya magadi makali, na punje ambazo hazijayeyuka zinaingia kwenye glavu unazungusha nazo. Hilo gari linalowaka, lipeleke juani mchana kweupe, lisogelee ulitazame kwa pembeni, kisha rudi hapa utuambie unaona mistari mingapi. Kama huna shampuu wiki hizi za mwanzo, maji matupu ni bora kuliko unga.

---

Kipenga

Nalaza gari nje, vumbi kila siku. Nimenunua turubai la gari ili nisilazimike kuosha. Na asubuhi nalipangusa kwa kitambaa kikavu, dakika mbili tu. Vipi hapo?

---

Mzee_Klia

Yote mawili acha. Turubai linafungia unyevu na mvuke wa thina usitoke, na upepo ukilitikisa linasugua usiku kucha na vumbi lililo chini yake. Klia changa ikibanwa na kitu chenye unyevu inaweza kuchukua alama ya kile kitambaa.

Kupangusa vumbi kwa kitambaa kikavu ni kibaya kuliko kuosha vibaya. Angalau muoshaji mbaya ana maji ya kutelezea.

---

Msasa_Laini

Nakazia la pili. Vumbi kavu likikaa juu ya rangi halidhuru kitu. Liache. Safisha vioo na taa ili uone njia, bodi isubiri siku ya maji. Hata lile fagio la manyoya la kupangusia, na watu wengi mnalipenda, liache garini. Na mvua isikutishe baada ya zile saa 24, kama rangi imeokwa. Ikikatika, mwagia maji safi kabla jua halijakausha matone yenye vumbi.

---

Dereva_Mtulivu

Maswali mawili. Nimenunua gari jipya la kiwandani, nalo linangoja mwezi? Na la mke wangu limepigwa mlango mmoja tu, sehemu nyingine ni za zamani. Linahesabiwaje?

---

Msasa_Laini

La kiwandani limekomaa kabla halijakufikia. Lioshe leo, lipake nta leo ukitaka. Tahadhari ya mchanga na glavu inabaki ileile, maana klia ngumu nayo inachoreka. Ila uliza kama liliguswa rangi njiani. Magari mengine hukwaruzwa wakati wa kusafirishwa, yakarekebishwa kimyakimya kabla ya kuuzwa.

La mlango mmoja, mlango ule ndio mgeni, zingine ni wenyeji. Lakini fundi mzuri huwa hafungi klia kwenye mlango peke yake, huivusha kwenye madigadi au mlango wa jirani ili rangi zifanane. Muulize alifika wapi. Sehemu hizo zioshwe kwanza, glavu ikiwa safi, na nta ya gari zima iishie kwenye mpaka. Dawa ya kung'arisha matairi nayo iache, ina silikoni na gurudumu likizunguka inarukia mlangoni.

---

Shabiki_wa_Mati

Na rangi ya mati isiyong'aa?

---

Mzee_Klia

Muda wa kusubiri ni uleule. Tofauti ni kwamba mikwaruzo yake haifutiki kwa kupiga polishi. Ukiisugua inaanza kung'aa mabaka na hairudi. Shampuu yake isiwe na nta ndani, soma chupa.

---

Kiroboto_wa_Boneti

Nimempigia mzee. Klia yenye hadina, imeokwa, leo ni siku ya tisa. Nimeuliza kwa nini alisema mwezi, akacheka, akasema "nakujua wewe na wale vijana wako wa kona." Nimeosha mwenyewe kwa ndoo mbili. Lakini maji hayajikusanyi kuwa matone kama zamani, yanatandaa tu. Klia mbaya?

---

Msasa_Laini

Hapana. Matone ya zamani yalikuwa ya nta, na sasa hakuna nta. Maji kutandaa kunakusaidia kukausha kwa ule mtiririko wa mpira. Ukiona yanatandaa upande mmoja na kujikunja upande mwingine wa boneti ileile, kuna mtu kakupakia kitu chenye silikoni, muulize mzee kama aliimalizia na polishi.

---

Bibi_Usukani

Mrejesho: kimetoka chote kwa kitambaa cha maji kama ulivyosema, ila pamebaki kivuli cha duara, nakiona nikiinama tu. Kompaundi (ile dawa ya kusugulia rangi) ninayo nyumbani, nikipitishie?

---

Msasa_Laini

Usipitishe chochote. Klia bado ni laini, na kompaundi itakula zaidi ya unavyokusudia. Kwenye maikroni 40 huna za kuchezea. Liache gari lipate joto la jua siku chache, alama nyepesi wakati mwingine hujivuta yenyewe klia inapoendelea kukaza. Mwezi ukipita na bado ipo, mpe fundi aliyelipiga, anajua ameweka unene gani hapo.